Kuunganishwa Si Kuandikishwa

Neno kikoa lilikaa jikoni miaka mingi kabla ya kuingia katika kompyuta. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ikachapishwa mwaka 1939, inalieleza kuwa ni chakula kinacholiwa na watu kwa pamoja, kila mmoja akikitoa kwa zamu yake. Leo sinia linatoka kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu izunguke. Watu hao husemwa kuwa wanakula kikoa. Ndani ya neno hilo fupi yamo mambo manne: walaji wanajua mahali pa kukutania, wanajuana kwa majina, wanajua saa, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake atatimiza zamu yake. Likikosekana moja kati ya hayo, sinia lipo lakini kikoa hakipo.

Siku hizi neno hilo lina kazi nyingine. Anayetaka anwani ya tovuti inayoishia na .tz husajili jina la kikoa: .co.tz kwa biashara, .go.tz kwa serikali, .ac.tz kwa vyuo, .sc.tz kwa shule. Ndani ya ofisi nako kuna kikoa cha aina yake, yaani kundi la kompyuta na watumiaji walioandikwa katika daftari moja linalotunzwa na seva. Seva hiyo ndiyo kidhibiti cha kikoa. Katika Windows 2000, Microsoft iliupa mpango huu daftari jipya liitwalo Active Directory. Ofisi yenye kikoa humwezesha karani kukaa kwenye kompyuta yoyote, akaandika jina na nenosiri lake, akakuta mafaili ya pamoja na printa anayoruhusiwa kuitumia.

Aliyelitoa neno hili jikoni akalipeleka kwenye mitambo alifanya kazi njema. Nataka kuonyesha wema huo uko wapi, kwa sababu naamini istilahi iliyochaguliwa vizuri ni chombo cha kazi. Kikoa, kikisikilizwa kwa maana yake ya kale, kinamwonyesha fundi mahali pa kutafuta ubovu.

Chukua kompyuta ya kazi inayopelekwa Makurunge, kata ya wilaya ya Bagamoyo, katika njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Saadani na Pangani. Makao makuu ya ofisi yenyewe yako mbali, na kidhibiti cha kikoa kiko huko huko. Kompyuta inachomekwa waya, taa za rauta zinamulika, intaneti inafunguka, barua pepe zinaingia. Kisha fundi anajaribu kuiingiza katika kikoa, nayo inajibu kwamba kikoa hakipatikani. Au inakubali, inazimwa na kuwashwa, halafu baada ya siku kadhaa inamkataa karani yule yule iliyempokea mwanzo.

Watu wana maneno yao kwa hali hiyo. "Kaka, imegoma." "Haisomi." "Inazingua." "Mtandao unasumbua." Maneno haya hayana uzito sawa. Mtandao unasumbua ni pana mno: linafunika waya, laini ya simu, seva, jina na nenosiri kwa blanketi moja, na fundi akilipokea hivyo hivyo hana pa kuanzia. Haisomi ni neno bora zaidi. Tunalitumia kwa laini ya simu, kwa flashi, kwa kadi ya benki, na mara zote linasema kwamba vitu viwili vimegusana lakini kimoja hakimwelewi mwenziwe. Mtu anayesema kompyuta haisomi kikoa amekwisha kuutaja ubovu mahali ulipo: si katika kugusana, ni katika kutambuana. Fundi msikivu angelichukua neno hilo kama taarifa ya kweli, kisha akauliza: haisomi nini hasa?

Hapo ndipo istilahi iliyozoeleka inapotukwamisha. Tunasema kompyuta inajiunga na kikoa. Mzizi wake ni unga, mzizi wenye watoto wengi: kuungana, kuunganisha, kiungo, muungano. Kwa kuwa watoto hao wanafanana sura, kuunganishwa kwenye mtandao na kujiunga na kikoa vinasikika kama jambo moja. Tena makampuni ya simu yamelifanya jiunge kuwa neno la kununua. Mtu hujiunga na kifurushi cha siku au cha wiki, na muda ukiisha kujiunga kwake nako kumekwisha. Basi fundi akimwambia karani kwamba kompyuta haijajiunga, karani ana haki kabisa ya kuuliza kama kifurushi kimeisha. Amelisikia neno kwa maana inayoishi mitaani.

Ninapendekeza tutenganishe hatua tatu kwa vitenzi vitatu. Kompyuta huunganishwa kwenye mtandao. Huandikishwa katika kikoa. Kisha kila siku inapowashwa hutambuliwa na kidhibiti. Kuandikishwa ni neno tulilo nalo tayari: mtoto huandikishwa darasa la kwanza, mpiga kura huandikishwa katika daftari, na kila mtu anajua kwamba kufika shuleni si kuandikishwa, na kuandikishwa mwaka jana si kuwepo kwenye mahudhurio ya leo. Vitenzi hivyo vitatu vikitumika kwa uangalifu vinakuwa ngazi ya uchunguzi. Fundi anauliza kimoja baada ya kingine, na pale jibu linapokuwa hapana ndipo anaposimama na kufungua vifaa vyake.

Sarufi yetu ina msaada mwingine ambao hatuutumii vya kutosha. Mara nyingi kitenzi cha Kiswahili husema chenyewe ni nani au ni nini. Nimekataliwa ni jambo moja, imekataliwa ni jambo jingine. Katika kikoa, mtumiaji ana akaunti yake, na kompyuta nayo ina akaunti yake yenyewe, yenye jina na nenosiri ambalo hakuna binadamu anayeliona. Karani akisema "nimekataliwa", aulizwe kama mwenzake anaweza kuingia kwenye mashine hiyo hiyo, na kama yeye anaweza kuingia kwenye mashine ya jirani. Akiingia kwa jirani, basi imekataliwa mashine, na kumbadilishia nenosiri ni kazi bure. Kiambishi kimoja cha nafsi kimetenga nusu nzima ya matatizo. Hapa lugha inatulazimisha kumtaja mtendwa, na shuruti hiyo ni neema kwa anayetafuta ubovu.

Turudi sasa kwenye mambo manne ya kikoa, tukianza na mahali. Kompyuta inayotaka kuandikishwa lazima kwanza ijue kidhibiti kiko wapi, na njia yake ya kujua ni kuiuliza seva ya majina. Huduma hiyo huitwa DNS, nayo ilibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili watu watumie majina na mashine zitumie namba. Katika kikoa cha ofisi, seva ya majina ya ndani haitoi anwani tu. Inatunza pia kumbukumbu maalumu zinazosema ni mashine ipi inayotoa huduma ya kidhibiti. Kompyuta iliyopata mtandao kupitia rauta ya laini ya simu hupewa seva ya majina ya kampuni ya simu, au ile ya hadhara. Seva hizo zinaijua dunia nzima lakini hazina habari za nyumbani kwako. Ndiyo sababu intaneti inafunguka na kikoa hakipatikani: mashine imeuliza kwa mtu asiyehusika. Chanzo hiki ndicho cha kwanza kuangaliwa.

Hapa neno letu lina utata unaopaswa kusemwa wazi. Kikoa cha anwani ya tovuti na kikoa cha kompyuta za ofisi vinaitwa kwa jina moja, na mara nyingine vinaandikwa kwa herufi zile zile. Taasisi yenye tovuti huweza kulitumia jina la tovuti hiyo pia kwa kikoa cha ndani. Seva ya majina ya nje ikiulizwa jina hilo haisemi kwamba halipo; inajibu kwa anwani ya tovuti, na kompyuta inakwenda kubisha hodi mahali ambapo hakuna kidhibiti. Katika maandishi ya kiufundi ningependa tuseme kikoa cha nje na kikoa cha ndani. Kivumishi kimoja tu, na mtu aliye Makurunge akizungumza kwa simu na mwenzake wa makao makuu atajua wanazungumzia kipi.

Jambo la pili ni jina. Kompyuta moja, jina moja. Urithi wa mitandao ya zamani ya Windows unaufanya mfumo ushike herufi 15 tu za jina la kompyuta, kwa hiyo majina marefu yanayotofautiana mwishoni tu hugongana. Mgongano mwingine hutokea mashine inapofutwa na kuwekwa Windows upya, kisha ikapewa jina lake la zamani. Katika daftari la kikoa jina hilo lingali lipo, likiwa na akaunti ya mashine iliyofutwa. Zamani fundi yeyote mwenye ruhusa ya kutosha aliweza kuirithi akaunti hiyo. Tangu masasisho ya Oktoba 2022, Microsoft imekaza sharti hilo, na fundi ambaye si yeye aliyeiunda akaunti anaweza kukataliwa hata kama nenosiri lake ni sahihi. Dawa ni kumwomba msimamizi wa kikoa aifute akaunti ya zamani, au kuipa kompyuta jina jipya. Kiswahili kina neno wajina, la watu wawili wanaoitwa jina moja, na wajina wawili wanaweza kupendana sana. Katika daftari la kikoa hakuna nafasi ya wajina.

Jambo la tatu, saa, ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa kuwa linagusa namna watu wa pwani hii wanavyohesabu siku. Kompyuta na kidhibiti hutambuana kwa itifaki iitwayo Kerberos. Ilibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980, ikapewa jina la mbwa anayelinda lango la kuzimu katika hekaya za Wagiriki. Itifaki hiyo hutia saa ndani ya uthibitisho wake, ili mtu aliyeunasa uthibitisho wa jana asiweze kuutumia leo. Kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, saa za pande mbili zikipishana zaidi ya dakika 5, uthibitisho hukataliwa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kwenye madabodi inayotunza saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma, pengine kwa miaka, na kompyuta nzima kiafya hukataliwa na kikoa chake.

Lakini kuna ubovu wa saa uliofichika zaidi. Mswahili huishi na hesabu mbili za saa bila kuchanganyikiwa: kioo kinaandika 10:00, ulimi unasema saa nne asubuhi. Anajua tangu utotoni kwamba saa inayoandikwa na saa inayosemwa si kitu kimoja, na kwamba zote mbili ni kweli. Kompyuta nayo ina saa mbili: ile ya kwenye kioo, na ile ya ndani inayohesabiwa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kerberos huangalia ile ya ndani. Windows iliyowekwa upya bila kuangaliwa yaweza kubaki na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, yaliyo nyuma ya UTC kwa saa 8 wakati wa baridi. Mtu akizirekebisha tarakimu kwa mkono mpaka zilingane na saa ya ukutani, akayaacha majira hayo, kioo kitasema kweli huku mashine imekosea kwa saa 11. Anayeangalia kioo peke yake atashinda hapo siku nzima. Na atakapofungua orodha ya majira asitafute Dar es Salaam, kwa sababu saa zetu zimeorodheshwa kwa jina la Nairobi. Nasema majira kwa makusudi. Wengine husema ukanda wa saa, lakini majira ni neno fupi, la zamani, na linamkumbusha fundi kwamba saa sahihi katika majira yasiyo sahihi bado ni kosa.

Jambo la nne ni kuaminiana. Windows ina ujumbe wa Kiingereza unaotangaza kwamba uhusiano wa kuaminiana kati ya kompyuta na kikoa umeshindikana. Ujumbe huo huwatisha watu, na wengine hudhani wameshukiwa wizi. Kiswahili kinaweza kuueleza vizuri kuliko ulivyoandikwa, kwa msaada wa kiambishi -ana. Imani ni ya mmoja, uaminifu ni sifa ya mmoja, lakini kuaminiana kunahitaji wawili. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Kompyuta inashika nenosiri lake, kidhibiti kinashika nakala yake, na kwa kawaida kila baada ya siku 30 kompyuta yenyewe hulibadilisha na kukiarifu kidhibiti. Kuaminiana huvunjika pale nakala mbili zinapoacha kufanana. Mfano wa kawaida ni kompyuta iliyorudishwa katika hali yake ya miezi iliyopita kutoka kwenye nakala ya akiba: imerudi na nenosiri la zamani, wakati kidhibiti kinashika jipya.

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta ikifungiwa kabatini miezi mitatu lazima kuaminiana kuvunjike. Sivyo. Mwenye kuanzisha mabadiliko ya nenosiri ni kompyuta, na iliyozimwa haibadilishi kitu, kwa hiyo nakala mbili zinabaki sawa. Ikikataliwa baada ya likizo ndefu, iangaliwe kama msimamizi aliisimamisha au kuifuta akaunti yake wakati wa kusafisha daftari, na kama betri ya saa ingali hai. Na kuaminiana kukiwa kumevunjika kweli, si lazima kuitoa kompyuta kikoani na kuiandikisha upya. Ipo njia ya kupatanisha nenosiri la pande mbili kwa ruhusa ya msimamizi. Neno kupatanisha limekaa hapa mahali pake: walioaminiana wakakosana hupatanishwa.

Yapo mambo mengine ya kuangaliwa haraka. Toleo la Windows la matumizi ya nyumbani halikubali kuandikishwa katika kikoa hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Mtumiaji wa kawaida, kwa mpangilio wa asili, anaweza kuandikisha kompyuta 10 tu, na ya 11 itakataliwa. Haya ni ya ruhusa na leseni, na maneno yake tunayo.

Tusicho nacho ni maandishi ya kumsaidia fundi. Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilikabidhiwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa mwaka 1967. Bagamoyo yenyewe ina historia katika kukusanya maneno: Padre Charles Sacleux, wa misheni ya Roho Mtakatifu, alifanya kazi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika Office na Windows. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli. Lakini yalimfikia anayeandika barua. Fundi anayeifungua seva usiku ili ofisi ifanye kazi asubuhi bado husoma makosa kwa Kiingereza, akayatafsiri kichwani, kisha akamweleza karani kwa neno lolote lililo karibu.

Makurunge yenyewe inatufundisha jinsi neno linavyopata maisha. Eneo la Razaba katika kata hiyo lilipata jina lake kwenye makaratasi: Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyofupishwa kwa silabi za mwanzo. Ranchi haipo tena, sehemu ya ardhi ile leo ina mashamba ya miwa, na jina limebaki la mahali. Limedumu kwa kuwa watu walikuwa na haja nalo kila siku: kupaelekeza, kupaendea, kupagombania. Kikoa, kuandikishwa, majira, kuaminiana nayo yatadumu yakipewa kazi ya kila siku.

Kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye karatasi moja ya taarifa ya ubovu katika kila ofisi yenye kompyuta, iliyoandikwa kwa Kiswahili: Imekataliwa mashine au mtumiaji? Imeunganishwa? Seva yake ya majina ni ya ndani au ya nje? Jina lake lina wajina? Saa yake ni sahihi, na majira yake je? Imeandikishwa? Kuaminiana kungalipo? Karani wa Makurunge anaweza kuijaza bila kumsubiri fundi kutoka Dar es Salaam, na fundi akiisoma kwa simu atakuwa amemaliza nusu ya kazi kabla ya kupanda basi. BAKITA na TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakizikusanya karatasi hizo kutoka kwa mafundi, watapata istilahi zilizokwisha kujaribiwa kazini, na kamusi ijayo ya TEHAMA itakuwa imeandikwa na watu wanaoitumia.